Mwongozo wa Kupiga Picha za Harusi ya Rafiki kwa Mara ya Kwanza

Rafiki yako anaoa, na kamati ya harusi imekwisha kugawana kazi. Mmoja amepewa chakula, mwingine ukumbi, mwingine usafiri. Wewe umepewa picha, kwa sababu moja tu: una kamera. Hujawahi kupiga harusi hata moja, na siku zinakaribia.

Mwongozo huu ni wako, hasa kama harusi iko Igawa au popote kando ya barabara kuu kati ya Iringa na Mbeya. Huku ndoa moja huweza kuwa na sendofu Makambako, ibada Igawa, na wageni walioteremka kwenye mabasi kutoka Mafinga, Rujewa na Tukuyu. Ukijiandaa utaiweza kazi hii, hata kwa kamera ya kawaida.

KWA NINI KAZI HII NI NZITO

Keki italiwa, mapambo yatashushwa, turubai litakunjwa. Vitakavyobaki ni cheti cha ndoa na picha. Na picha hizo hazitatazamwa na maharusi peke yao. Bibi aliyetoka kijijini na kitenge kipya, babu aliyevaa koti lake la Jumapili, shangazi aliyesafiri usiku kucha: kwa wengi wao, hii itakuwa picha nzuri kuliko zote walizowahi kupigwa. Miaka ikipita na mmoja wao akifariki, familia huitafuta picha ya harusi, huukuza uso wake, na ndiyo inayowekwa mbele ya waombolezaji.

Kwa hiyo shika kanuni moja kuliko zote: watu kwanza, mapambo baadaye. Picha mia za keki na maua haziwezi kufidia picha moja ya mama wa bibi harusi ambayo haikupigwa.

Thamani ya picha hizi huongezeka kadiri zinavyotunzwa. Mjini Unguja, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Watu waliingia pale kupigwa picha za kawaida za maisha yao. Leo picha hizo ni kumbukumbu ya mji mzima. Unachokwenda kukifanya siku ya harusi ni kazi ya aina hiyohiyo kwa ukoo mmoja.

HATUA YA KWANZA: ELEWANENI KABLA HUJAKUBALI

Urafiki mwingi umeingia doa kwa sababu ya picha zilizosubiriwa bila makubaliano. Kaa na maharusi wote wawili, si rafiki yako peke yake, na mzungumze haya:

1. Waambie wazi kwamba hii ni harusi yako ya kwanza. Kama wana uwezo wa kumwajiri mpigapicha mzoefu kutoka Mbeya au Makambako, washauri wafanye hivyo, nawe uwe msaidizi wake. Utajifunza mengi kwa siku moja.
2. Kubalianeni kama ni zawadi au ni kazi ya malipo. Kama ni zawadi, nani atagharamia nauli, kadi za kumbukumbu na usafishaji wa picha?
3. Taja idadi ya picha utakazokabidhi na tarehe ya kuzikabidhi. Mwezi mmoja ni muda wa haki kwa anayeanza.
4. Uliza ni shughuli zipi utapiga: sendofu, ibada, ukumbini, au zote. Sendofu na harusi ni siku mbili tofauti za kazi.
5. Uliza kama kuna mpiga video. Kama yupo, mpigie simu mapema. Mtasimama mahali pamoja siku nzima, na taa yake inaweza kukusaidia au kukuharibia.
6. Kubalianeni kwamba siku hiyo wewe si mgeni mwalikwa. Hutacheza, hutakaa mezani na wenzako, na hutakunywa pombe.

Yaandike haya kwenye ujumbe wa simu na uwatumie wote wawili. Ujumbe huo utawalinda ninyi nyote.

HATUA YA PILI: IJUE RATIBA NA UWAJUE WATU

Harusi haikusubiri. Mpigapicha anayejua kinachofuata husimama mahali pake kabla tukio halijafika. Asiyejua hufika wakati pete imekwisha kuvikwa.

1. Mwombe mwenyekiti wa kamati au MC ratiba, kisha uliza yasiyoandikwa: maharusi wataingia ukumbini kwa mlango gani? Keki itakatwa kabla ya chakula au baada yake?
2. Tembelea kanisa, msikiti au ukumbi siku moja kabla, saa ileile ambayo shughuli itafanyika. Tazama mwanga unaingilia wapi.
3. Mwone mfungisha ndoa. Kila kanisa lina utaratibu wake, na katika kanisa moja utaambiwa usivuke ngazi za madhabahu, katika jingine utaruhusiwa kusimama pembeni. Mwendee kwa adabu: “Shikamoo Mchungaji. Mimi ni rafiki wa bwana harusi, nimepewa kazi ya picha siku ya Jumamosi. Naomba unielekeze mahali pa kusimama, na nyakati ambazo hutapenda nipige.” Ukimtafuta asubuhi ya harusi yenyewe umechelewa.
4. Andika orodha ya watu wasiokosekana kwenye picha. Ipate kwa pande zote mbili, na mwulize mama wa kila upande, maana bwana harusi atawasahau nusu yao.
5. Pata mwitaji mmoja kila upande: kijana mwenye sauti anayewafahamu ndugu zake kwa majina na nyuso. Hawa wawili ndio watakaokuokoa wakati wa picha za ukoo.

KISANDUKU: Picha zisizokosekana
☐ Bibi harusi na mama yake kabla ya kutoka nyumbani
☐ Bwana harusi na wasimamizi
☐ Bibi harusi akiingia, na uso wa bwana harusi akimwona
☐ Viapo na kuvishana pete
☐ Kutia saini cheti: maharusi, mashahidi, mfungisha ndoa
☐ Wazazi wa pande zote mbili pamoja na maharusi
☐ Kila bibi na kila babu, mmoja mmoja, uso ukionekana vizuri
☐ Kaka na dada; mashangazi, wajomba, baba wadogo na mama wadogo
☐ Kamati ya harusi na kwaya
☐ Keki, chakula cha maharusi, zawadi, ngoma
☐ Maharusi wawili peke yao, jioni

Picha ya kutia saini ina uzito wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa ishuhudiwe na mashahidi wasiopungua wawili, na kutia saini ni sehemu ya kuiingiza ndoa kwenye kumbukumbu za serikali. Piga mikono ikiandika, kisha nyuso. Usiisambaze picha ambayo namba na maelezo ya cheti yanasomeka.

HATUA YA TATU: VIFAA

Huhitaji kununua kamera mpya. Unahitaji vifaa unavyovifahamu, na akiba ya kila kinachoweza kuharibika.

☐ Kamera, na nyingine ya akiba hata kama ni ya kuazima. Ukikosa kabisa, simu nzuri ndiyo akiba yako.
☐ Lenzi ya kawaida ya milimita 18–55, na ukiweza, azima lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8. Ni nyepesi, bei yake ni nafuu kuliko lenzi nyingi, na inapokea mwanga mwingi ndani ya kanisa lenye giza.
☐ Flashi ya kuchomeka juu ya kamera, ile inayogeuza kichwa, pamoja na betri zake na seti ya pili.
☐ Betri tatu za kamera. Kamera nyingi ndogo za kisasa humaliza betri baada ya picha mia tatu au mia nne, na flashi iliyojengwa ndani ya kamera huimaliza upesi zaidi.
☐ Kadi mbili au tatu za kumbukumbu. Ni salama zaidi kutumia kadi mbili za GB 32 kuliko moja kubwa, kwa sababu moja ikiharibika hujapoteza harusi nzima.
☐ Kitambaa laini, kipulizio cha vumbi, na mfuko wa nailoni wa kufunika kamera mvua ikinyesha.
☐ Maji, karanga au ndizi, na viatu visivyo na kelele.

Chaji kila kitu usiku wa kuamkia siku moja kabla ya harusi, si usiku wa mwisho. Umeme ukikatika usiku huo wa kwanza, bado una siku nzima ya kutafuta mahali pa kuchaji.

TAHADHARI YA VUMBI: Kuanzia Mei hadi Oktoba bonde la Usangu, ambamo Igawa imo, ni kavu, na upepo hubeba vumbi jepesi linaloingia kila mahali. Usibadilishe lenzi nje. Ingia ndani ya gari au chumbani, elekeza mdomo wa kamera chini, badilisha upesi. Kuanzia Novemba hadi Aprili hofu yako ni mvua: tafuta mapema baraza au ukuta wenye paa ambapo picha za ukoo zitapigwa ikinyesha.

HATUA YA NNE: UELEWE MWANGA WA IGAWA

Kamera hurekodi mwanga uliopo. Anayeujua mwanga hupata picha nzuri kwa kifaa cha kawaida, na asiyeujua huharibu hata kwa kifaa cha mamilioni.

Mchana. Huku jua hufika juu kabisa yapata saa 6:45, na katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari hupita karibu sawasawa na utosi. Kati ya saa 5 na saa 9 hutupa kivuli cheusi machoni na chini ya pua. Saa hizo peleka watu kivulini: chini ya baraza, upande wa ukuta usio na jua, au ukingoni mwa kivuli cha mwembe. Nasema ukingoni, kwa sababu katikati ya mti mwanga hupenya majanini na kuacha madoa usoni, na rangi ya kijani huingia kwenye shela.

Jioni. Huu ndio mwanga wa maharusi. Mei na Juni jua huzama yapata saa 12:30 jioni. Mwanzoni mwa Februari huchelewa hadi karibu saa 1:10 usiku. Hesabu saa moja kabla ya hapo, na mwombe MC dakika 20 tu za kuwachukua maharusi. Mashamba ya mpunga yaliyovunwa, au ng'ambo ya kijiji unakoonekana uwazi wa bonde, yatakupa mandhari ambayo hakuna ukumbi unaoweza kuyatoa. Mwombe mwenye shamba ruhusa kwanza.

Ndani. Tafuta dirisha. Msimamishe bibi harusi hatua mbili kutoka dirishani, uso ukiuelekea mwanga, kisha zima taa ya chumbani ili rangi mbili za mwanga zisichanganyike usoni.

Ngozi nyeusi na shela jeupe. Filamu za rangi za karne iliyopita zilipimwa kwa kadi zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, na kwa miaka mingi nyuso nyeusi zilitoka bila maelezo. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini kipimo chake bado hudanganyika. Fremu ikijaa shela jeupe au turubai jeupe, kamera hudhani mwanga umezidi na hutia giza nyuso. Ongeza mwanga kwa kitufe cha + na −: anza na +0.7, panda hadi +1 uso ukiwa bado mweusi mno. Fremu ikijaa suti nyeusi, fanya kinyume chake. Kila mara hukumu picha kwa uso, kisha hakikisha darizi za shela bado zinaonekana.

HATUA YA TANO: WEKA KAMERA SAWA

Mambo matatu huamua mwanga wa picha. Kasi ya shata ni muda ambao mwanga unaingia: ikiwa ndogo, watu wanaotembea huvurugika. Tundu la lenzi huandikwa kwa f: namba ndogo ni tundu kubwa, mwanga mwingi, lakini wale uliowalenga tu ndio hutoka wazi. ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga: ikipanda sana picha huwa na chenga.

Kama hujazoea kuweka yote kwa mkono, tumia A kwenye Nikon na Sony, au Av kwenye Canon: wewe unachagua tundu, kamera inachagua shata. Ruhusu ISO ijipange yenyewe, na kama menyu inakubali, weka kasi ya chini kabisa ya shata kuwa 1/125. Hivi ni vipimo vya kuanzia:

• Chumbani kando ya dirisha: f/2.8, shata 1/125, ISO 800–1600
• Kanisani bila flashi: tundu kubwa ulilonalo, shata 1/160, ISO 1600–3200
• Picha za ukoo kivulini: f/8, shata 1/200, ISO 400
• Maharusi wakati wa jua la jioni: f/4, shata 1/250, ISO 100–400
• Ukumbini na flashi: f/4, shata 1/100, ISO 1600
• Ngoma na kucheza: shata 1/250 na kuendelea

Lenga jicho lililo karibu nawe. Piga kwa RAW na JPEG pamoja kama kadi inatosha, kwa sababu faili la RAW hukuruhusu kuokoa uso uliotoka mweusi. Kisha fanya mazoezi wiki mbili kabla: hudhuria ibada ya Jumapili kwenye kanisa la harusi, omba ruhusa, piga kwaya. Mwanga wa kanisa ni uleule.

KISANDUKU: Kama una simu tu
1. Futa lenzi kabla ya kila tukio. Jasho na mafuta ya mkono huleta ukungu.
2. Usivute picha kwa vidole. Sogea kwa miguu.
3. Gusa uso kwenye kioo na ushikilie hadi mwanga ujifunge, kisha rekebisha.
4. Ondoa video na picha za zamani ili nafasi isikwishe, na uweke simu isipokee simu za watu.
5. Beba benki ya umeme iliyojaa.

HATUA YA SITA: SIKU YENYEWE

Nyumbani, asubuhi. Fika saa mbili kabla ya maharusi kutoka. Anza na vitu: shela likining'inia, viatu, pete, kadi ya mwaliko. Kisha hamia kwa watu. Kama wewe ni mwanamume, subiri nje hadi bibi harusi awe amevaa, na mwombe rafiki yake apige picha za kupambwa. Toa ndoo na nguo za kubadilisha nyuma ya bibi harusi kabla hujapiga.

Msafara. Matarumbeta yanapiga juu ya gari, magari yamefungwa maua, na barabara ni ileile inayobeba malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana.

TAHADHARI: Usitoe kiwiliwili dirishani, usisimame nyuma ya gari linalokwenda, na usiwapange maharusi katikati ya lami au darajani, hata kwa sekunde kumi. Tangulia kwa pikipiki au gari jingine, teremka mbali na lami, uwasubiri wakifika. Droni nayo isirushwe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Kanisani. Fanya hivi kwa mpangilio:
1. Kaa mbele upande uliokubaliwa na mfungisha ndoa. Zima milio yote ya kamera.
2. Bibi harusi akiingia, piga picha mbili au tatu, kisha geuka umpige bwana harusi. Uso wake ndiyo nusu ya pili ya tukio.
3. Wakati wa mahubiri pumzika na uangalie picha ulizopiga. Hapo ndipo pa kugundua kosa la kamera.
4. Wakati wa pete sogea upande wa mikono, si mgongoni mwa mchungaji. Piga mfululizo.
5. Wakati wa sala, shusha kamera.
6. Toka mapema ukawasubiri mlangoni: vigelegele na maua vinakuja.

Harusi ya Waislamu. Akdi, yaani ufungaji wa ndoa, huwa na bwana harusi, walii (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi na shekhe, msikitini au nyumbani, na bibi harusi huweza kuwa mahali pengine kabisa. Picha kubwa ni mikono ya walii na bwana harusi ikishikana wakati wa kukubali ndoa. Upande wa wanawake apelekwe mpigapicha mwanamke, na picha za wanawake waliofunua vichwa zikabidhiwe kwa bibi harusi peke yake. Vua viatu, vaa kwa heshima, uliza kabla ya kuinua kamera.

Picha za ukoo. Hapa ndipo wanaoanza huzidiwa. Kila kundi linakula dakika mbili hadi tatu, kwa hiyo makundi kumi ni nusu saa. Endelea hivi:
1. Chagua mahali pamoja penye kivuli na usipahame.
2. Weka viti viwili mbele. Wazee wakae, wasisimamishwe juani.
3. Anza na mabibi na mababu ili waende kupumzika, kisha watoto kabla hawajachoka, halafu wazazi, ndugu, na mwisho marafiki.
4. Mwitaji aite kundi linalofuata wakati wewe unapiga la sasa.
5. Panga mistari miwili iliyokaribiana. Hakikisha unaona macho ya kila mtu. Mtu asiyekuona wewe, kamera pia haimwoni.
6. Wasemeshe kwa heshima: “Mama, naomba usogee kidogo kwa baba. Shangazi, shikamoo, nitazame hapa.” Hesabu tatu, piga mara tano. Kila kundi lina mtu atakayefumba macho.
7. Wageni wenye simu waombe wasubiri kidogo, uwape zamu yao. Bila hivyo nusu ya ukoo itatazama kamera nyingine.

Ukumbini. Jua limezama, taa ni za zambarau na bluu, jenereta linaunguruma. Geuza kichwa cha flashi kiangalie dari au turubai jeupe, mwanga urudi ukiwa laini. Kama dari limefunikwa kitambaa cha rangi, usiielekeze huko, maana nyuso zitachukua rangi hiyo. Ielekeze moja kwa moja, uifunike kitambaa chembamba cheupe na upunguze nguvu yake.

Zamu ya zawadi ni ndefu, na usiidharau. Wakwe, wafanyakazi wenza, kwaya na kikundi cha kina mama wa kukopeshana watakuja wakicheza na makochi, majiko na vitenge. Kila kundi lilichanga, na kila kundi litauliza picha yake. Piga moja pana ya kundi zima na moja ya mkono kwa mkono wakati wa kukabidhi. Mwombe MC awasimamishe sekunde tano.

Kisha igeuzie kamera mezani kwa wageni. Babu akicheka, watoto waliolala mapajani, wapishi jikoni nyuma ya masufuria ya pilau. Wapishi hawapigwi picha na mtu yeyote, na bila wao hakuna harusi.

HATUA YA SABA: BAADA YA HARUSI

1. Usiku huohuo, kabla hujalala, nakili kadi zote kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje. Usifute kadi hadi maharusi wamepokea picha zao.
2. Weka nakala ya tatu mahali pengine: nyumba ya ndugu au hifadhi ya intaneti. Wezi na moto huchukua vilivyo ndani ya nyumba moja.
3. Ndani ya siku mbili watumie maharusi picha 20 au 30 nzuri. Zitawatuliza wakati unaendelea na kazi.
4. Chagua bila huruma: ondoa zilizofumba macho, zilizotikisika, na zinazofanana. Katika picha 1,500, kukabidhi 400 nzuri ni kazi kamili.
5. Rekebisha mwanga na rangi tu. Usiwang'arishe watu ngozi. Mama akiangalia picha, amwone mwanawe.
6. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama picha, kwa sababu programu hiyo huibana picha na kupunguza ubora wake. Picha kamili zikabidhi kwenye flashi disiki.
7. Wahimize wachapishe. Picha ya sentimita 20 kwa 25 iliyo safi huhitaji takriban pikseli 2400 kwa 3000, na karibu kila kamera ya leo inazifikia. Studio zipo Makambako, Iringa na Mbeya mjini. Wazee wengi hawana simu za kioo. Picha ya karatasi ndiyo yao.
8. Usiweke chochote mtandaoni kabla ya maharusi kukubali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na adabu ilikuwepo hata kabla ya sheria: watoto, waliolewa pombe na waliokuwa wakila wasianikwe.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

• Kutumia kamera au lenzi mpya siku ya harusi. Tumia unachokijua.
• Kupiga picha 600 asubuhi na kuishiwa kadi jioni.
• Kuziba njia na kuwaonyesha wageni mgongo wako. Piga, rudi pembeni, chutama.
• Kumfuata bibi harusi siku nzima na kumsahau bwana harusi na ukoo wake.
• Kuwapanga maharusi muda mrefu hadi chakula cha wageni kinapoa.
• Kusahau kurudisha ISO chini baada ya kutoka kanisani. Ikague kila unapovuka mlango.
• Kutokula. Mpigapicha mwenye njaa saa mbili usiku hapati picha ya zawadi.

ORODHA YA USIKU WA MWISHO

☐ Betri zote zimejaa, kadi zote ni tupu
☐ Saa ya kamera ni sahihi
☐ Ratiba na orodha ya watu zimechapwa kwenye karatasi
☐ Namba za MC, dereva na waitaji wawili zipo kwenye simu
☐ Mfungisha ndoa amekupa maelekezo
☐ Mahali pa picha za ukoo pamechaguliwa, na pa akiba mvua ikinyesha
☐ Nguo za heshima na viatu vya kimya vipo tayari

Kuna picha zitakazokuponyoka, kwa sababu zinamponyoka hata mpigapicha wa miaka ishirini. Zikikuponyoka, usisimame kuzijutia, tazama linalofuata. Lakini orodha ya wazee isikuponyoke. Kabla MC hajafunga sherehe, ipitie jina kwa jina, na kama kuna bibi mmoja ambaye hujampiga, mfuate alipo, msalimie, umwombe ruhusa, umpige.